UZI: Kabla hujanunua sensa nyingine, chomeka kidude uone injini inasema nini

Spana10 (mleta uzi)

Wakuu salama? Huu uzi nimeuchelewesha sana, kila siku nasema nitaandika nitaandika, mpaka juzi nimeona jamaa kaambiwa abadilishe sensa ya oksijeni, kabadilisha, taa haijazima, sasa anaambiwa ni pampu ya mafuta. Nikajiona mimi mwenyewe miaka ile. Kaeni mkao wa kula, ni mrefu.

Naanza na kisa changu. Gari iliwasha taa ya cheki injini, ile ya njano yenye kamchoro ka injini. Ikiwa imesimama inanguruma tu inatetemeka, mzunguko unapanda unashuka, ukikanyaga mafuta inatulia kama siyo yenyewe. Nikaenda gereji, fundi akachomeka mashine yake, akasoma P0171, akaniambia bosi sensa ya oksijeni imekufa. Nikanunua. Taa ikafutwa, ikakaa siku nne, ikarudi. Gereji ya pili wakasema pampu haisukumi. Nikanunua pampu. Siku tatu, taa hiyo, kodi ileile. (Kodi nayosema siyo ya nyumba, ni hizo herufi na namba za hitilafu, japo kwa hela iliyonitoka hazina tofauti.)

Sasa P0171 maana yake ni kwamba mchanganyiko wa benki 1 (upande wa injini wenye silinda namba 1) ni mwembamba, hewa imezidi mafuta. Basi. Haijataja sensa wala pampu. Sensa ya oksijeni ndo iliyoleta taarifa, sisi tukaichomoa tukaitupa, na wahenga walishasema mjumbe hauawi.

Nikapata adapta ndogo ya Bluetooth, ile inaandikwa ELM327, kubwa kama kiberiti. Nikapiga magoti mlangoni na tochi mdomoni nikitafuta soketi chini ya usukani, ipo upande wa dereva, matundu 16, umbo lake juu pana chini limebana. Nikachomeka, kataa kakawaka. Ufunguo nikauweka ON, simu ikaiona, ikaomba namba ya siri nikaweka 1234 (nyingine ni 0000), nikafungua apu ya Torque. Baada ya kama nusu dakika mishale ikaanza kucheza kwenye simu. Nilikaa pale kama mtoto kapewa kitumbua, najikanyagia mafuta tu naangalia mshale.

Ila mishale ni mapambo. Kilichoniokoa ni namba mbili ambazo wengi wanazipita: trimu ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu. Kontroboksi (kompyuta ya injini, wengine wanaiita ECU) ina kipimo chake cha mafuta ya kupuliza, halafu sensa ya oksijeni inairudishia majibu, umezidisha au umepunja, nayo inasahihisha kwa asilimia. Trimu fupi ni sahihisho la sasa hivi, inachezacheza muda wote. Trimu ndefu ni kumbukumbu, yaani injini imeshazoea kuongeza kiasi hicho. Ukijumlisha zote mbili ikawa ndani ya 10 juu au chini, kwa kawaida hakuna cha kukunyima usingizi.

Yangu ikiwa imesimama: ndefu +17, fupi +9. Yani kontroboksi inaongeza mafuta 26% na bado inalia njaa. Nikashikilia mzunguko kwenye 2,500, jumla ikashuka mpaka 6. Hapo ndo nikajua pampu nilipigwa, na nitaeleza kwa nini.

Pampu ikichoka, shida inaonekana pale injini inapodai mafuta mengi, kwenye mlima, ukikanyaga. Trimu ingepanda kadri unavyokanyaga. Yangu inafanya kinyume, inaumwa ikipumzika na inapona ikikimbia. Hiyo ni tabia ya hewa ya wizi. Gari yangu ina sensa ya kupima hewa pale baada ya boksi la kichujio, sasa kama kuna mpira umepasuka baada ya sensa, kuna hewa inaingia bila kupimwa. Injini ikiwa imetulia inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hiyo ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Ukipandisha mzunguko inavuta nyingi, ya wizi inamezwa humo.

Nikafungua boneti. Simu nikampa mwanangu kwenye kiti cha dereva, nikamwambia we nisomee hiyo ya fupi tu. Nikaanza kubana mipira mmoja mmoja kwa vidole (injini inanguruma jamani, mikono mbali na mkanda na feni). Wa kwanza "tisa", wa pili "nane... tisa". Kuna kampira kamepita chini ya manifoldi ya hewa, hukaoni, nikapapasa kwa nyuma nikahisi mpasuko karibu na klipu, kwa juu ni kazima kabisa. Nikakabana. Dogo kutoka ndani: "Baba tatu... moja... ina kadeshi, kadeshi kumi!" Kadeshi ndo hasi. Trimu ndefu bado inamwaga +17 kwa mazoea, hewa ya wizi imezibwa, sasa mafuta yamezidi, fupi inakimbia kuyapunguza. Hapo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Kipande cha mpira na klipu mbili, nikafuta kodi, haijarudi mpaka leo. Ile pampu ya zamani nimeihifadhi, nzima, naiangalia nikitaka kukasirika.

Hiyo ndo hoja yangu yote. Kodi inakuambia nani kalalamika. Data inayotembea ndo inakuambia kwa nini analalamika. Ukinunua kifaa ukaishia kusoma kodi na kufuta, umenunua rimoti ya kuzimia taa.

Sasa gari gani zinakubali. Marekani walilazimisha OBD2 (hiyo lugha moja ya gari kueleza hitilafu zake) kuanzia gari za modeli ya 1996, Ulaya petroli 2001 na dizeli 2004. Kabla ya hapo ni bahati yako. Kuna gari zina soketi ileile ya matundu 16 lakini haziongei lugha hiyo, hasa za soko la ndani la Japani za miaka ya mwishoni mwa 1990 na mwanzoni mwa 2000, umbo la soketi lisikudanganye.

Kinachofanyika humo ndani ni kuulizana tu. Simu inatuma 010C, maana yake "mzunguko ngapi?", injini inajibu mfano 410C0C80. Zile mbili za mwisho, 0C na 80, zimeandikwa kwa heksadesimali, ukizigeuza kuwa namba ya kawaida inakuwa 3,200, gawa kwa 4 unapata mizunguko 800 kwa dakika. Joto la maji ni 0105, ikijibu 80 hiyo ni 128, toa 40, nyuzi 88. Hakuna uchawi, ndo maana hata simu kimeo inaweza.

Karibuni, maswali yawe mengi.

Kipepeo_kijani

Mkuu asante sana, umenitonesha kidonda maana na mimi nina sensa mbili za oksijeni kabatini. Swali, natumia iPhone, nilinunua kama hiyo yako ya Bluetooth haionekani kabisa kwenye simu. Nimeuziwa mbovu?

Spana10

Siyo mbovu dada, hamkuelewana lugha tu. Adapta nyingi za bei ya chini zinatumia Bluetooth ya zamani, ambayo iPhone haiziruhusu apu kuitumia kwa kazi hii. Tafuta ya waifai au iliyoandikwa Bluetooth 4.0, BLE. Hiyo ya BLE usihangaike kuiunganisha kwenye mipangilio ya simu, unaichagua ndani ya apu yenyewe, mfano Car Scanner. Ya waifai unajiunga na mtandao wake halafu kwenye apu unaweka anwani 192.168.0.10 na poti 35000, nyingi ndo ziko hivyo. Na zima data ya simu kwanza, maana simu ikiona waifai haina intaneti inajiongeza inakuhamisha kimyakimya, unabaki unalaumu adapta.

taa_ya_njano

Yangu inaunganika na simu vizuri ila apu inaandika imeshindwa kuongea na ECU. Nimejaribu gari ya shemeji inafanya kazi. Yangu ni ya Japani 2001.

Spana10

Mkuu umejijibu mwenyewe hapo kwenye mwaka. Kwanza hakikisha ufunguo uko ON, siyo ile hatua ya redio. Pili nenda kwenye mipangilio ya gari kwenye apu, protokali (lugha ya adapta kuongea na gari) usiache otomatiki, jaribu moja moja, gari za umri huo mara nyingi ni ISO 9141 au KWP, zinapita kwenye pini namba 7. Gari mpya ni CAN, pini 6 na 14, Marekani walilazimisha CAN kuanzia modeli ya 2008. Kama ni Toyota ya soko la Japani kuna sehemu kwenye Torque ya kuweka amri za kuanzia, watu wanatumia ATIB 96 na ATIIA 13 pamoja na nyingine zinazofuata, tafuta seti kamili ya modeli yako.

Na cha tatu, chungulia adapta yako. Kama imeandikwa v1.5, hilo toleo halikuwahi kuwepo. Chipu halisi ya ELM327 ilikuwa ya ELM Electronics ya Kanada, chipu yao ya kwanza haikuwekewa kinga ya kunakiliwa, basi ikanakiliwa dunia nzima mpaka wenyewe wamefunga biashara 2022 kopi zinaendelea kuzaliwa. Siyo kopi zote mbovu, yangu ni kopi. Ila kuna zinazoitwa v2.1 zimepunguzwa amri, zinaongea na gari mpya vizuri halafu kwa gari za zamani zinakuwa bubu.

FundiMkongwe

Nimesoma yote. Mimi ni fundi, na nitasema ukweli nyuzi kama hizi zinatuletea wateja wasumbufu. Mtu anakuja kashika simu, "fundi ni P0302 nibadilishie koili ya pili". Simu imekuambia koili? Imekuambia silinda ya pili inamisi, yani haichomi mafuta vizuri. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli, au kompresheni imekwenda. Mimi nachofanya, natoa koili ya pili naipeleka ya tatu, ya tatu naileta ya pili, nafuta, nawasha. Ikija P0303 koili ndo mbaya, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302 nahamisha plagi. Dakika kumi na sijauza kitu.

Na nyie wa simu mjue, taa ikiwaka tu unaweza kufika nyumbani taratibu, lakini ikianza kupepesa wakati unaendesha, ondoa mguu, simama. Hiyo ni misi ya kumwaga petroli mbichi kwenye eksozi, masega (kile kisafisha moshi cha eksozi) yanayeyuka. Nimeyatoa yameganda kama sukari guru.

Spana10

Mzee heshima yako, hiyo ya kuhamisha koili ndo uzi wenyewe kwa mistari miwili. Na mimi sijasema watu waache gereji, nasema waende gereji wakijua wanauliza nini. Fundi anayejua kazi hakasirikii swali. (Yule wa pampu alikasirika.)

Kipepeo_kijani

Haya na mimi hizi sensa zangu mbili za kabatini zilikuwa za P0420. Gari inakwenda vizuri kabisa haina shida yoyote ila taa. Nafuta kila baada ya wiki mbili.

Spana10

P0420 inasema masega hayafanyi kazi ya kutosha. Anayesema ni sensa ya nyuma, ile iko baada ya masega. Tena mjumbe. Fungua grafu ya sensa mbili kwa pamoja, injini ikiwa imepata moto vizuri, shikilia 2,500. Kwa sensa za kawaida ya mbele inaruka muda wote kati ya kama volti 0.1 na 0.9, ndo kazi yake. Ya nyuma inatakiwa itulie, mstari umelala pale 0.6 au 0.7 hivi, kwa sababu masega yanalainisha moshi. Ya nyuma ikianza kumuiga wa mbele, kuruka kwa kuruka, masega yamechoka na sensa zako zilikuwa nzima. Kabla hujalia kagua eksozi kama inavuja kwenye maungio, hewa ikiingia hapo inadanganya sensa. Angalizo, gari nyingi za kisasa mbele wanaweka sensa ya aina nyingine haina hiyo ngoma ya kuruka, kwa hiyo usiihukumu, we angalia ya nyuma tu.

Na kufuta kila wiki mbili unajipiga upofu. Ukifuta unafuta na ile picha ya tukio, yani kontroboksi ilipohifadhi kodi ilihifadhi pia mzunguko ulikuwa ngapi, joto ngapi, spidi ngapi wakati huo. Huo ni ushahidi. Piga skrinishoti kabla ya kufuta chochote. Tena unafuta yale majaribio ya ndani, injini inaanza kujipima upya, ndo maana anayefuta asubuhi aende kwenye ukaguzi wa moshi mchana anakamatwa, mashine yao inaonyesha majaribio hayajakamilika.

mwana_dizeli

Mmetutenga sisi wa dizeli, trimu zenu hizo kwangu hazina kitu.

Spana10

Kweli mkuu, nimejisahau. Kwa dizeli yenye tabo angalia presha ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) na presha ya manifoldi. Hiyo ya manifoldi watu wanakosea, inaanzia kwenye hewa ya kawaida siyo sifuri. Injini imezimwa, ufunguo ON, ukiwa usawa wa bahari inasoma kama kilopaskali 101, ukiwa milimani inasoma chini ya hapo. Ukikanyaga ikafika 200 maana yake tabo imeongeza kama 100, yani baa moja. Ukikanyaga na namba haitoki kwenye 110, gari haina nguvu, anza na mipira ya tabo na intakula (kipoza hewa ya tabo) kabla hujaambiwa tabo imekufa.

mwana_dizeli

Baa moja. Kumbe miaka yote nadhani natembea na baa mbili, nawatambia watu hadi kijiweni 😂

GiaYaNne

Wakuu na mimi nimechomeka ya rafiki jana. Kodi hakuna hata moja. Ila joto la maji kwenye simu likifika barabara kuu linashuka mpaka 68, nikiingia kwenye foleni linapanda 84. Mshale wa dashibodi uko katikati muda wote haujatikisika. Nimwamini nani? Gari inakunywa mafuta balaa na heta haina moto.

Spana10

Iamini simu. Mshale wa dashibodi kwenye gari nyingi umefugwa, ukishafika katikati umepewa uwanja mpana wa kutotikisika ili dereva asihangaike. Wenyewe ukiona umenyanyuka jua mambo yameshaharibika.

Injini nyingi zinataka kuishi kati ya 85 na 105. Yako barabarani upepo unaipiga rejeta inapoa, ikisimama inapata joto, hapo themostati imegoma wazi, au mtu aliitoa kabisa "ili isichemshe", wapo wengi. Injini ikidhani bado ina baridi inaongeza mafuta, ndo hicho kiu chako. Siku moja ingekuletea P0128 lakini usisubiri. Jaribu hivi, asubuhi injini ya baridi, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukianza kupata moto taratibu palepale pamoja na injini, themostati haizuii kitu. Ikiwa nzima mpira unabaki wa baridi dakika kadhaa halafu ghafla unachoma. Na usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto.

Na jamani GiaYaNne, umesema barabara kuu, natumaini hukuwa unaendesha huku unaangalia simu. Apu nyingi za hivi zinarekodi. Washa rekodi, weka simu mfukoni, soma ukifika.

GiaYaNne

Mke wangu ndo alikuwa anasoma mkuu, amechoka kusema "sitini na nane".

taa_ya_njano

Nimerudi. Nimeweka protokali kwa mkono imekubali! Ila inasoma polepole sana, mshale wa mzunguko unaruka kama saa mbovu.

Spana10

Safi sana. Hiyo ni kawaida, hizo protokali za zamani zinakwenda kilobiti 10.4 kwa sekunde, CAN ya kawaida ni 500. Simu inauliza moja moja inasubiri jibu, ukiweka mishale kumi kwenye skrini foleni inakuwa ndefu. Acha miwili mitatu unayoihitaji tu.

Kipepeo_kijani

Kidude naweza kukiacha kimechomekwa moja kwa moja? Kinanipa uvivu kuinama.

Spana10

Usikiache. Pini 16 inapata umeme wa betri hata ufunguo uko mfukoni kwako, kwa hiyo kinakunywa kidogo kidogo usiku kucha, gari ikilala wiki unakuta betri imelala nayo. Halafu nyingi hizi namba ya siri ni 1234 na za waifai mara nyingi hazina hata hiyo, mtu yeyote jirani anaingia. Kingine, goti la dereva, kuna jamaa alikipiga na goti soketi ikavunjika. Ukikichomoa angalia na volti kabla, injini ikiwa inanguruma iwe kati ya 13.5 na 14.7 hivi. Ikiwa 12 na ushee na inaendelea kushuka, alteneta haichaji.

FundiMkongwe

Ongezea, hizo apu za bure zinasoma injini tu. Msije mkanisumbua taa ya ABS au eabegi imewaka mnasema simu haioni kosa. Hizo mara nyingi zinataka mashine yenye lugha ya mtengenezaji.

GiaYaNne

Mrejesho. Nimefungua nyumba ya themostati, ndani hakuna kitu. Tupu, mtu alishaitoa zamani. Nimeweka mpya na gasketi, nimejaza maji ya rejeta nikatoa hewa, leo nimeenda njia ileile. Mke kasoma 89, akasoma tena 89, akaniuliza hii simu imeganda?